Kompyuta itume herufi, kifaa kingine kihesabu nukta

Anayetaka kompyuta ipige alama za Morse badala ya mkono ana njia kadhaa za kuiunganisha na mtambo wa kurushia, na baada ya kuzitumia katika kituo changu cha redio ya ridhaa, ushauri wangu ni kwamba kompyuta iachiwe kazi ya kutuma herufi tu, huku muda wa kila nukta ukihesabiwa na kifaa kingine.

Sababu iko kwenye muda wenyewe. Kistari, yaani mlio mrefu wa Morse, ni sawa na nukta tatu, nafasi kati ya herufi ni nukta tatu, na kati ya maneno ni saba. Hivyo kwa mwendo wa maneno 25 kwa dakika, nukta moja huchukua milisekunde 48 tu. Kompyuta yenye shughuli nyingi ikichelewa milisekunde 15, karibu theluthi ya nukta imeharibika. Kwetu Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa ishara za utambulisho za vituo vyetu huanza na 5H: tarakimu 5 ni nukta tano na H ni nukta nne, yaani nukta tisa ambazo hazitenganishwi na kitu kingine isipokuwa pengo moja. Pengo hilo likibanwa, anayesikiliza kutoka mbali kwenye mawimbi hafifu hawezi kujua anaitwa na nani.

Njia ya bei nafuu ni kutumia waya wa DTR (mmoja wa nyaya za udhibiti) wa poti ya siriali, ambao kupitia rezista ya kilo-ohm 1 huendesha transista kama 2N2222, nayo hufunga saketi ya kitufe cha redio. Inafanya kazi, na kwa mwendo wa pole inatosha. Hata hivyo, kompyuta inapowaka inaweza kuupandisha waya huo yenyewe na redio ikaanza kurusha bila kuamriwa. Kwa hiyo fungua programu kwanza, ndipo uwashe redio. Mwenye redio ya zamani ya valvu apime volti za tundu la kitufe kabla ya yote, kwani nyingine huwa na volti hasi au kubwa ambazo transista hiyo haiwezi kuzihimili, na hapo atumie rilei ndogo.

Kupitisha mlio wa kadi ya sauti kwenye SSB, yaani njia ya redio ya kurushia sauti, sikupendekezi, kwa sababu sauti ikizidi kidogo tu, mawimbi ya ziada huwasumbua majirani wa masafa. Afadhali amri za CAT, yaani amri za kompyuta za kuendesha redio, ambapo redio yenyewe hutengeneza nukta: redio za Icom, kwa mfano, hupokea hadi herufi 30 kwa amri moja.

Ninachokitumia kila siku ni WinKeyer, kifaa kidogo cha kupiga Morse. Kompyuta hukipelekea herufi kwa mwendo wa bodi 1200 (bodi ni kipimo cha kasi ya data), kinazihifadhi, kisha kinazipiga kwa saa yake chenyewe. Ukigusa kitufe cha mkono, ujumbe wa kompyuta hukatika papo hapo nawe ukaendelea mwenyewe, faida kubwa pale mwenzako anapokuuliza jambo ambalo hukulitayarishia jibu. Asiyeweza kukiagiza atumie Arduino Nano (saketi ndogo inayopangiwa programu na mtumiaji) yenye programu huria inayofuata amri zilezile. Programu za redio za Fldigi na N1MM Logger+ huzitambua amri hizo.

Vyovyote utakavyochagua, jaribu kwanza kwa mzigo bandia (rezista inayomeza nguvu ya redio) badala ya antena, kisha vika pete za feraiti kwenye waya wa USB, kwa sababu mawimbi ya antena yakiuingia, kifaa hukwama, na mara nyingine hukwama kikiwa kimebonyeza kitufe, redio ikiendelea kurusha.