Alama zilizogoma kupanda

Lamu

Mwanangu,

Salamu zako kutoka Malindi zimefika, pamoja na swali: umeshafanya maswali zaidi ya mia sita ya GMAT, ule mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya biashara, na alama zimegoma pale pale kwenye 555, je, ununue kitabu kingine? Usinunue. Maswali unayo tele. Ulichokosa ni kurudi kwa yale yaliyokushinda.

Fungua daftari. Kila swali ulilokosa, na kila ulilolipata kwa kubahatisha, liandikie sababu kwa sentensi moja. Usiandike "sikuwa makini", maana hapo hujajifunza kitu. Andika "nilidhani x ni namba nzima, na swali halikusema hivyo." Liache siku nne, kisha lifanye upya bila kutazama jibu. Likikushinda tena, umepata pa kusoma. Maswali kumi na tano yaliyochambuliwa hivi yanamtosha mtu aliyetoka kazini jioni, na yana faida kuliko hamsini ya mbio mbio.

Kwa alama ulizonitumia, kinachokuangusha zaidi ni sehemu ya data. Humo mna swali lisilotaka ukokotoe. Linauliza tu kama taarifa ulizopewa zinatosha. Tuseme jahazi limepakia magunia ya nazi na ya maembe, na unaulizwa ya nazi ni mangapi. Taarifa ya kwanza: yote kwa jumla ni 60. Ya pili: ya nazi ni mara mbili ya yale ya maembe. Ya kwanza pekee haitoshi, ya pili pekee haitoshi, zote pamoja zatosha. Jibu ni C, yaani zatosha zikiwa pamoja tu; endelea mbele. Ukikaa kutafuta ile 40 umekula muda wako bure. Watu hukosea kwa kuisoma taarifa ya pili huku ya kwanza ingali kichwani, kwa hiyo unapofanya mazoezi ifunike ya kwanza kwa mkono. Tena, ukiulizwa kama x ni 7, ukaambiwa mraba wa x ni 49, ikumbuke −7. Na "hapana" isiyo na shaka inatosheleza sawasawa na "ndiyo". Hili la mwisho liandike ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa sababu linawapoteza hata wanaojua hesabu vizuri.

Sehemu zote tatu ni za dakika 45: hesabu maswali 21, lugha 23, data 20. Kikokotoo kinaruhusiwa kwenye data peke yake, basi zoea kugawanya kwa mkono. Kwenye hesabu, ukimaliza swali la 7 ziwe zimebaki dakika 30, na la 14 zibaki 15. Ukijiona umechelewa, toa swali moja kafara: kisia, songa. Kuacha maswali ya mwisho bila jibu kunakukata alama. Muda ukibaki unaweza kurudi ubadilishe majibu, lakini yasizidi 3 katika kila sehemu. Wekea alama yale tu unayoamini utayaokoa.

Kwenye lugha sina mengi. Katika maswali ya hoja, kabla ya kutazama majibu, sema kwa maneno yako hoja inadai nini. Jibu linaweza kuwa la kweli kabisa na lisiguse dai hilo.

Yale majaribio 2 rasmi ya bure, moja umeshalifanya. La pili lihifadhi mpaka wiki mbili kabla ya mtihani, ulifanye saa ile ile utakayoketi, na upumzike dakika 10 tu kama siku yenyewe.

Unapojiandikisha, jina lifuate pasipoti herufi kwa herufi: ikiwa ni Mohamed, usiandike Muhammad. Kuufanyia nyumbani kunaruhusiwa, ila umeme ukikatika au mtoto akifungua mlango, mtihani unaweza kusimamishwa. Nenda kituoni Nairobi, na ufike siku moja kabla. Usitoke kwenye basi la usiku ukaingia kwenye mtihani.

Usijibane na tarehe ya karibu. Ukitaka kurudia lazima zipite siku 16, na alama hudumu miaka 5.

Ijumaa nipigie picha kurasa za daftari, nizisome.

Babako