Kava la klachi linavuja: niongeze silikoni?

SWALI: Fundi, nimebadilisha pleti za klachi kwenye pikipiki ya cc 125. Gasketi ya zamani ilichanika, nikaweka mpya na kuipaka silikoni pande zote mbili. Siku ya tatu oili ikaanza kudondoka chini ya kava. Niongeze silikoni?

JIBU: Usiongeze. Gasketi ya karatasi, ile inayobanwa kati ya kava na injini, hukaa kavu. Ukiipaka silikoni inateleza, na unapokaza inasukumwa nje katikati ya bolti na bolti, ikafungua njia ya oili. Silikoni iliyozidi nayo, nusu inatokeza nje unaiona, nusu inaingia ndani huioni. Hiyo ya ndani ikikauka hukatika vipande, vikaenda kuziba chujio la waya la pampu. Oili isipopanda, kamshafti, ile inayofungua valvu, huanza kulika. Tazama pia gasketi yako: kama ina kitobo kisichopitisha bolti wala pini, huenda ni njia ya oili. Ukikiziba kwa silikoni, beringi ya konrodi (mkono unaosukumwa na pistoni) haitadumu.

Lakini kwanza hakikisha mkosaji ni gasketi. Oili hutambaa kwenye ukingo wa kava na kudondokea bolti ya chini kabisa, hata ikiwa imetokea kwenye sili (pete ya raba inayozuia oili) ya shafti ya kiki. Osha injini ikiwa baridi, ikaushe, paka poda ya mtoto kuzunguka kava na shafti, kisha iwashe dakika 10. Poda italowa pale oili inapotokea. Ikiwa ni sili, badilisha sili. Kava zima halina kosa.

Ikiwa ni gasketi, mwaga oili. Chora umbo la kava kwenye kipande cha boksi, toboa, na kila bolti unayoitoa ichomeke kwenye nafasi yake, maana hazilingani urefu. Ndefu ikiingia kwenye tundu fupi hugota chini kabla ya kubana kava, na ukilazimisha unapasua kasha. Fupi hushika meno mawili matatu tu, ukikaza yanang’oka.

Funika klachi kwa kitambaa, kisha kwangua mabaki kwa kipande cha mti mgumu au plastiki. Bisibisi hapana: alumini ni laini, na mkwaruzo mmoja unaokatiza ukingo unatosha kuvujisha. Msasa nao unga wake huishia kwenye beringi. Pangusa kwa petroli mpaka kitambaa kitoke safi, ukiwa mbali na moto. Rudisha zile pini mbili za kulengesha, maana mara nyingi hutoka na kava na kupotea.

Silikoni ina mahali pake: kitone kama punje ya mtama pale makasha mawili ya injini yanapokutana, na kwenye raba inayopitisha nyaya za magneti. Basi.

Ingiza bolti zote kwa vidole. Kabla ya kukaza, vichwa vyote viwe vimetokeza sawa. Kimoja kikizidi, umeikosea nafasi. Kaza kwa kukingamisha, bolti moja kisha ya upande wa pili, mizunguko miwili au mitatu, mpaka kama Nm 10 (kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa bolti za M6, yaani zenye unene wa milimita 6. Huna spana ya kipimo? Tumia spana ya T namba 8 kwa nguvu ya kiganja, bila kuunga bomba. Tundu lililokula meno mpelekee fundi kerezo. Silikoni haitakushikia bolti.

SWALI: Dukani gasketi hakuna. Nikate ya boksi?

JIBU: Boksi hulowa oili na kusinyaa. Nunua karatasi ya gasketi yenye unene uleule wa ile ya zamani. Ikiwa nene zaidi, hata uchezaji wa shafti ya kiki unabadilika. Kata kwa mkasi. Mtindo wa kugonga kwa nyundo juu ya ukingo wa kava ndio unaoleta makovu tunayoyalaumu baadaye.

SWALI: Kava langu kutoka kiwandani halikuwa na karatasi, silikoni tu.

JIBU: Basi ibaki silikoni. Pitisha uzi mmoja usiokatika, unene wa milimita 2, upande wa ndani wa matundu ya bolti. Funga ndani ya dakika 10 kabla haijaota ngozi, na usitie oili mpaka muda ulioandikwa kwenye tyubu uishe, mara nyingi saa 24.