Kudaka Kila Hitilafu: Je, Viunzi vya Tovuti Vizuie?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninashiriki kutengeneza duka la mtandaoni kwa Django, kiunzi (framework, yaani msingi uliokwisha kuandaliwa wa kujengea tovuti) cha lugha ya Python. Kiongozi wetu kazini anataka kila sehemu ya programu izungushiwe except Exception, yaani amri ya Python inayodaka karibu kila hitilafu, ili mteja asikutane kamwe na ukurasa wa hitilafu. Nimeona baadhi ya viunzi vinaonya dhidi ya mtindo huo. Je, kiunzi kina haki ya kumwingilia mwandishi wa programu kiasi hicho? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, kina haki, na kwa maoni yangu ni wajibu wake, kwa sababu kiunzi chenyewe hutumia hitilafu kuendesha kazi zake. Mteja akifungua ukurasa wa bidhaa iliyokwisha kufutwa, get_object_or_404, amri ya Django ya kutafuta kitu kwenye hifadhidata, huibua hitilafu iitwayo Http404, nayo Django ikiipokea humpa jibu la 404, yaani "ukurasa haupatikani". Kwa kuwa Http404 ni aina mojawapo ya Exception, mtego wenu wa except Exception utaidaka kabla haijafika inakokwenda, na mteja ataambiwa ajaribu tena kupata kitu ambacho hakipo.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye hifadhidata. Tuseme ndani ya transaction.atomic, sehemu ambayo mabadiliko yake ya hifadhidata hukubaliwa yote au hutanguliwa yote, mnahifadhi oda kisha mnapunguza idadi ya bidhaa ghalani, na katikati programu inakwama kwa sababu mtu amekosea herufi moja katika jina la kigeu. Hitilafu hiyo ikiachwa itoke nje ya atomic, Django hutangua kila kilichofanyika. Mkiidaka humo humo ndani, Django huona kazi imekwisha salama, huithibitisha oda, na hesabu ya ghala hubaki kama ilivyokuwa. Nyaraka za Django zinaonya waziwazi juu ya jambo hili. Tena, kwa kuwa hitilafu haikupanda hadi juu, hata barua pepe ambayo Django huwatumia waliotajwa kwenye ADMINS (orodha ya wasimamizi katika mipangilio), pale DEBUG (hali ya kuonesha undani wa hitilafu wakati wa kutengeneza programu) inapokuwa imezimwa, haitatumwa, nanyi mtagundua kasoro siku ya kuhesabu mali.

Rails nayo, kiunzi cha tovuti cha lugha ya Ruby, katika mwongozo wake haipendekezi kutumia rescue_from (amri yake ya kudaka hitilafu) kwa Exception wala StandardError, makundi mapana ya hitilafu, kwa kuwa huizuia Rails yenyewe kushughulikia hitilafu ipasavyo.

Hata hivyo, siungi mkono katazo kamili. Programu inayochakata foleni ya ujumbe usiku kucha haipaswi kusimama kwa sababu ya ujumbe mmoja mbovu, na hapo kudaka kila hitilafu ni halali, mradi maelezo yake yote yaandikwe kwenye kumbukumbu kwa logger.exception, amri ya Python ya kuandika hitilafu pamoja na undani wake. Kiunzi kinachokataza kabisa kitawafanya watu watafute njia za panya. Kinachoonya, na kuweka utaratibu mzuri tangu mwanzo, kitasikilizwa.

Kiongozi wenu ana hoja ya kweli: mteja hapaswi kuoneshwa matumbo ya programu. Lakini Django imekwisha kulishughulikia hilo. Zimeni DEBUG kwenye seva ya wateja, andaeni kiolezo cha 500.html chenye maneno ya staha, kisha dakeni kwa jina zile hitilafu tu mnazojua cha kufanya zikitokea, kama vile huduma ya malipo kuchelewa kujibu, na mzidakie nje ya atomic.