Kabla hamjaligawa shamba la mzee

Novemba 2022 dunia ilifikisha watu bilioni 8. Wiki chache kabla yake tulikuwa tumesomewa matokeo ya sensa yetu: Watanzania 61,741,120, kutoka milioni 44.9 mwaka 2012. Kati ya sensa hizo mbili tuliongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka, na kwa mwendo huo idadi inakuwa maradufu katika miaka 22 hivi. Huku Muheza mambo hayo tunayaonea shambani, siku ya mirathi.

Babu aliacha michungwa na minazi, na chini kabisa kijito kinachoingia mto Zigi. Baba na ndugu zake walikuwa saba. Ilipofika zamu yetu wajukuu, kila mmoja alitaka ukanda wake, na kila ukanda uguse maji. Ushauri wangu kwa familia yoyote iliyofika hapo: msianze na kamba ya kupimia. Sisi shehe alitupigia hesabu ya mafungu, wanawake na wanaume, kila mtu akajua haki yake. Kisha shangazi akauliza, kwani fungu lazima liwe udongo? Tukakubaliana michungwa ibaki shamba moja, tugawane mavuno kwa mafungu yale yale. Anayetaka kujenga amepewa kiwanja upande wa barabarani, na nyumba zimekaa pamoja. Wapo waliochukia. Lakini vipande vya robo eka havilishi mtu, na mwenye kipande hicho huishia kukata mti mmoja mmoja auze mkaa.

Kando ya kijito hatulimi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na sababu yake tunaijua: Zigi unatoka misitu ya Amani, unashuka mpaka bwawa la Mabayani, na hayo ndiyo maji wanayokunywa watu wa Tanga mjini. Tukilima hadi ukingoni, tope letu linajaa bwawani kwao. Nao wanaongezeka kama sisi.

Sasa vijana mnaooa, hili mlizungumze mapema, wawili wenu. Utafiti wa afya wa 2022 ulionyesha mwanamke wa kijijini anazaa wastani wa watoto 5.5, wa mjini 3.6. Wazee watawaambia riziki hutoa Mungu, na mimi siwapingi. Ardhi pia aliitoa Yeye, ila haizidi. Nendeni zahanati pamoja, mume asimwachie mke peke yake, mpange nafasi kati ya mtoto na mtoto. Na binti amalize shule, hilo naliweka mbele ya yote, kwa sababu anayesoma huchelewa kuolewa na huwa na sauti nyumbani. Wanaotulaumu kwa wingi wetu kutoka nchi tajiri, ambako mtu mmoja anatumia mafuta na umeme kuliko nyumba nzima ya kwetu, wana deni lao la kulipa. Letu tulilipe wenyewe.

Mkishaelewana, andikeni. Muhtasari wa kikao usainiwe na wote, wanawake wakiwemo, halafu mwende halmashauri ya kijiji kuomba hati ya hakimiliki ya kimila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu majina ya familia nzima kuwekwa pamoja. Nakala moja akae nayo asiyeishi hapo nyumbani.