Barua kwa mwanangu: usiufute huo mfumo

Nkuhungu, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Mbukwenyi! Huku hatujambo. Baba yako goti linamsumbua na hii baridi ya Julai, ila anaendelea vizuri na anakusalimu. Upepo na vumbi la Dodoma unavijua, sina la kuongeza.

Swali lako nililisoma nikiwa kazini, nikaona si la kujibiwa kwa vijumbe vya simu. Umekabidhiwa mfumo wa kompyuta wa chama cha ushirika, wa kupokea zabibu na kuwalipa wakulima. Aliyeuandika ameshahama, hakuacha maelezo, na wewe kila ukiufungua unaona vurugu tupu. Meneja anataka kila kitu kiwe tayari kabla ya mavuno ya Agosti. Unauliza: uufute uandike wako, au uendelee kutia viraka?

Usiufute. Najua si jibu ulilolitaka. Mkitoka chuo mnaona kazi yenyewe ni kuandika, lakini mimi niliyeanza na mifumo ya ofisi enzi za disketi naona sehemu kubwa ya kazi ni kusoma: kusoma cha mwenzio mpaka ujue kwa nini alifanya vile.

Chukua ule mstari ulionitumia ukaucheka, unaosema kituo kikiwa namba 4 toa kilo moja na nusu, vingine vyote toa kilo mbili. Uliandika, "Mama, huyu jamaa alikuwa macho kweli?" Jumamosi nilikuwa Hombolo kwa shangazi yako, nikapita kituoni, ndicho hicho namba 4, kumuuliza mpima. Alinijibu papo hapo, bila hata kunyanyua kichwa. Mkulima anapanga kreti juu ya mzani, karani anaingiza uzito wote, na mfumo ndio unaotoa uzito wa kreti tupu. Vituo vingine vilipewa kreti mpya, nene. Kile kimebaki na zile za zamani, nyepesi. Akachukua moja tupu akaiweka mzanini nione mwenyewe: moja na nusu. Sasa wewe ungeusafisha mstari huo ukaweka mbili kwa wote, mkulima wa kreti arobaini angepunjwa kilo ishirini kila anapoleta mzigo. Na mfumo usingelalamika. Ungetoa risiti nzuri tu, yenye namba na tarehe.

Msimbo wa zamani, yaani maandishi yenyewe ya programu, umejaa mambo ya namna hiyo, na mara nyingi hayajaandikwa popote pengine. Ukiufuta umeyafuta nayo, kisha utakuja kuyajua upya moja moja, kwa malalamiko ya watu. Hata wakubwa imewapata. Netscape walitoa toleo la 4 la kivinjari chao mwaka 1997, baadaye wakaamua kuandika upya. Toleo lililofuata, la 6, lilitoka Novemba 2000. La 5 halikuonekana kabisa. Muda wote huo Microsoft walikuwa wakiwachukulia watumiaji.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, mpigie simu huyo aliyehama. Usimpigie kumlaumu. Mwambie umepokea kijiti, unaomba nusu saa yake. Watu wengi hufurahi kuulizwa kuhusu kazi ya mikono yao, na atakachokueleza kwa nusu saa kingekugharimu wiki nzima ya kukuna kichwa.

Halafu bakapu, ile nakala ya akiba ya data. Unasema ipo, kila usiku inajihifadhi yenyewe. Umewahi kuirudisha? Bakapu ambayo hakuna aliyewahi kuirudisha mimi siihesabu. Tarehe 31 Januari 2017, huko GitLab, kampuni ya programu, mhandisi aliyekuwa akihangaika na hitilafu usiku alifuta data kwenye seva ambayo siyo aliyoikusudia. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi na kunakili data. Zilipohitajika hakuna hata moja iliyofanya kazi ipasavyo. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono muda wa saa sita hivi kabla ya hapo, kwa shughuli nyingine. Nawaheshimu kwa kuyaeleza yote hadharani. Basi wewe ichukue ya jana, irudishe kwenye kompyuta yako, uhesabu wakulima na ujumlishe kilo za msimu uliopita. Linganisha na ile ripoti iliyochapwa na kusainiwa na bodi ya chama. Zikitofautiana, simamisha mengine yote.

Msimbo uuingize kwenye Git, ile programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko, leo hii, kama ulivyo, na uchafu wake. Ila nywila ya hifadhidata uliyosema imeandikwa mle ndani itoe kwanza na uibadilishe, maana Git haisahau. Na kila unaporekodi badiliko, andika sababu. "Nimerekebisha uzito" haimsaidii mtu. Andika: "Kituo cha 4 kinatumia kreti za zamani za kilo 1.5, nimethibitisha kwa mpima." Atakayekurithi hatakuwa na shangazi Hombolo.

Majaribio usiyaogope, wala usitafute ya kitaalamu sana kwa sasa. Chukua risiti za msimu uliopita ambazo wakulima walilipwa na hakuna aliyelalamika, ziingize upya kwenye nakala ya mfumo, hifadhi majibu. Kila ukibadilisha kitu, zipitishe tena na uone kama majibu ni yaleyale. Changanya na zile zenye visa: mkulima aliyeleta mara mbili siku moja, aliyeleta kreti moja, wawili wenye majina yanayofanana mpaka la babu. Hapo utakuwa na ujasiri wa kushika popote.

Sasa fedha, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kompyuta ukiitumia ovyo kwenye desimali, 0.1 ukijumlisha na 0.2 inakupa 0.30000000000000004. Kwa mkulima mmoja haionekani, lakini kwenye jumla ya chama mhasibu ataiona, na atakesha akiitafuta. Hifadhi uzito kwa gramu na malipo kwa shilingi kamili, namba zisizo na nukta. Namba za simu zihifadhi kama maandishi, ama sivyo ile sifuri ya mbele inaliwa na mtu halipwi.

Kubwa zaidi ni malipo ya simu. Mtandao wa vijijini unaujua. Karani anabonyeza lipa, duara linazunguka, hakuna jibu, anabonyeza tena. Je, la kwanza lilikwenda au halikwenda? Kukosa jibu si sawa na malipo kushindikana. Msilitume tena kabla ya kuuliza kwa mtoa huduma muamala ule umeishia wapi, na kila risiti iwe na namba yake ambayo hifadhidata yenyewe inakataa kuilipa mara mbili. Usitegemee kukizima kitufe tu baada ya kubonyezwa; karani atafungua ukurasa upya, nami simlaumu, ana foleni ya watu na jua la saa saba.

Kuhusu hizo programu za akili unde mnazozitumia, tumia, mimi mwenyewe natumia. Zinasoma msimbo haraka kuliko mimi na wewe. Lakini hazijawahi kusimama kwenye mzani wa Hombolo, kwa hiyo zitakushauri kwa heshima zote uufute ule mstari wa kituo cha 4.

Umebaki na meneja. Nadhani anachokitaka hasa si mfumo mpya, ni wakulima wasikae kituoni mpaka jioni. Nenda ukakae na karani asubuhi moja uone anakwama wapi. Nina hakika utakuta ni ukurasa mmoja au miwili, pengine ule wa kutafuta jina la mkulima. Huo utengeneze upya kwa msimu huu, mengine yabaki yalivyo. Nyumba inayokaliwa hubadilishwa bati moja moja. Mpe meneja tarehe mbili: lini ukurasa huo utaanza kutumika kwenye kituo kimoja tu, na lini kwenye vyote. Usikubali tarehe ya Ijumaa jioni, na ukubaliane naye kwamba mavuno yakianza hakuna badiliko linaloingia isipokuwa la kuzima moto.

Kuhamisha hifadhidata nzima, ulikokuandika mwishoni, kungoje mpaka mavuno yaishe. Ukipata likizo njoo nayo tuipitie pamoja. Panda treni ya asubuhi, nitakuja kukupokea stesheni, maana baba yako na hilo goti hawezi kuendesha. Usisahau dawa yake ya kuchua, ile ya Kariakoo.

Mama yako.