Chai Jikoni: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Nimepika chai ya pinki ya Kashmir mara mbili. Ya kwanza ilitoka kahawia, ya pili ikawa na ladha ya sabuni. Nakosea wapi?

JIBU: Sabuni ni soda ya kuokea iliyozidi. Ukahawia mara nyingi hutokana na majani meusi. Chai hii, ambayo Wakashmiri huiita noon chai, yaani chai ya chumvi, hutaka majani ya kijani.

Chemsha vikombe 2 vya maji pamoja na vijiko vikubwa 2 vya majani, iliki 3 zilizopondwa na robo ya kijiko kidogo cha soda. Usifunike. Maji yakipungua hadi nusu na kuwa rangi ya damu ya mzee, mimina kikombe 1 cha maji ya barafu, kisha chota kwa upawa na kuyamwaga kutoka juu, dakika 5 hadi 10. Wengi huruka hatua hii, kumbe ndiyo kazi yenyewe: soda huondoa uchachu wa maji, na hapo hewa huweza kuyatoa majani wekundu wake. Chuja, tia maziwa vikombe 2 na chumvi kidogo, uchemshe tena. Usikate tamaa kabla ya maziwa. Pinki huonekana hapo tu.

SWALI: Mayai yangu ya chai ya Kichina hayana michirizi.

JIBU: Nyufa ulizotia kwenye ganda, ambamo chai hupenya, hazikufika kwenye utando wa ndani. Chemsha mayai 6 kwa dakika 8, yapoze, kisha gonga ganda lote kwa mgongo wa kijiko bila kulibandua. Yarudishe kwenye maji vikombe 4, chai nyeusi vijiko vikubwa 2, sosi ya soya vijiko vikubwa 4 na kijiti cha mdalasini. Moto mdogo kabisa, dakika 30; maji yakitokota kwa nguvu ute hugeuka mpira. Yalaze friji humo humo hadi kesho yake. Ladha huingia usiku huo.

SWALI: Saladi ya chai ya Myanmar yaweza kutengenezwa kwa majani makavu ya pakiti?

JIBU: Hapana. Majani ya saladi hii, lahpet, ni majani mabichi ya chai yaliyopikwa kwa mvuke, yakashindiliwa na kuvundikwa kwa miezi. Nunua yaliyokwisha vundikwa, uchanganye na kabichi, nyanya, karanga, ufuta, vitunguu saumu vya kukaanga na ndimu.