Sindano ya bawasiri: yajue haya kabla ya kukubali

Pole sana, ndugu yangu wa Chumbageni, Tanga. Umesema kinyama kinachomoza ukienda haja kubwa, kinarudi chenyewe, damu nyekundu inadondoka, na mtu wa mtaani ameahidi kukichoma sindano kikauke.

Tiba hiyo ipo kweli, na bawasiri ya ndani kama uliyoieleza, daraja la pili, inaifaa. Daktari huingiza kibomba kifupi aone ndani, kisha huchoma dawa ya fenoli ya asilimia 5 katika mafuta ya lozi, mililita 3 hadi 5 kwenye shina la kila uvimbe. Mishipa hunywea, damu hupungua. Hulazwi. Kama lozi zinakudhuru ukizila, sema mapema.

Watu huumizwa hapa: sindano lazima ipigwe juu, ndani, ambako hakuna hisia ya kuchomwa. Ukisikia maumivu makali, mwambie aache papo hapo. Ikizama sana upande wa mbele, kwa mwanaume hufika tezi dume: homa, mkojo wa damu, kushindwa kukojoa. Ukiona hayo nenda hospitali ya Bombo usiku huohuo. Bawasiri ya nje haichomwi kabisa. Huyo wa mtaani achana naye, tafadhali.

Choo kikibaki kigumu, itarudi. Kula maharage, mchicha. Machungwa ya Muheza uyale na nyama zake, usiyafyonze tu. Maji mengi.

Ila kama choo ni cheusi, umekonda, au umevuka miaka 40, daktari akuchunguze utumbo kwanza.